Usaha Sikioni si Jambo la Kupuuzwa

Mtoto akianza kutokwa na usaha sikioni, wazazi wengi husema ni maji yaliyoingia alipokuwa akioga au akiogelea mtoni Chania. Humziba sikio kwa pamba na kumpeleka shuleni. Hilo ni kosa, na huenda mtoto akapoteza uwezo wa kusikia.

Sikio lina sehemu tatu: ya nje, ya kati na ya ndani. Sikio la kati ni chumba kidogo chenye hewa, nyuma ya ngoma ya sikio. Humo mna mifupa mitatu midogo inayopitisha sauti. Chumba hicho kimeunganishwa na sehemu ya nyuma ya pua kwa mrija mwembamba. Kwa mtoto mdogo, mrija huu ni mfupi na umelala, hivyo viini hupanda kwa urahisi. Ndiyo sababu maradhi haya huwapata watoto zaidi, na mara nyingi huanza baada ya mafua.

Kuna aina tatu kuu. Ya kwanza huanza ghafla: mtoto hupata homa, hulia usiku na kuvuta sikio. Ngoma ikipasuka, usaha hutoka na maumivu hupungua. Mzazi asidhani amepona.

Ya pili haina maumivu. Maji mazito hubaki nyuma ya ngoma na mtoto hasikii vizuri. Darasani huitwa mvivu au mkaidi, kumbe hasikii anayoambiwa.

Ya tatu ni usaha unaoendelea kwa wiki mbili au zaidi, huku ngoma ikiwa na tundu.

Kuhusu aina hii ya tatu, Kiambu ina funzo lake. Mwaka wa 1996 jarida la tiba la Lancet lilichapisha uchunguzi uliofanyiwa watoto 524 katika shule 145 za msingi za wilaya ya Kiambu ya wakati huo. Baada ya wiki 16, masikio yalikuwa yamekauka kwa asilimia 51 ya waliopanguswa usaha na kupewa dawa za kumeza na za matone. Waliopanguswa pekee walikuwa asilimia 22, sawa na wale ambao hawakutibiwa. Kwa hivyo kupangusa peke yake hakutoshi. Dawa nazo hazifiki penye ugonjwa ikiwa usaha umejaa.

Namna ya kupangusa ni hii: sokota kitambaa safi kinachonyonya maji, kiingize taratibu sikioni, kiache kilowe, kisha ukitoe. Rudia kwa kitambaa kingine hadi kitoke kikavu, ndipo utie matone aliyoagiza daktari. Usiache pamba ndani. Usitie mafuta, maziwa ya mama wala mafuta ya taa, na usichokore kwa njiti. Sikio lenye tundu lisiingie maji, hivyo mtoto asiogelee hadi daktari aruhusu.

Usinunue dawa dukani kwa kukisia. Baadhi ya matone yanaweza kudhuru sikio la ndani iwapo ngoma ina tundu. Daktari hutazama kwanza, na tundu lisipojiziba, linaweza kuzibwa kwa upasuaji.

Kimbia hospitalini mara moja ukiona uvimbe wenye maumivu nyuma ya sikio, uso kupinda upande mmoja, kizunguzungu, shingo kukakamaa au mtoto kusinzia kupita kiasi. Huenda ugonjwa umefika kwenye mfupa au karibu na ubongo.

Kinga huanza mapema. Mnyonyeshe mtoto maziwa ya mama, usimpe chupa akiwa amelala chali, mwepushe na moshi wa sigara na wa jikoni, na akamilishe chanjo zote. Chanjo ya nimonia, iliyoanza kutolewa nchini mwaka wa 2011, hupambana pia na baadhi ya viini vinavyoshambulia sikio.

Na mwalimu akikuambia mtoto wako hasikii maagizo, kabla ya kumwadhibu, mpeleke akapimwe masikio.