Je, Wajua? Kisiwa kimoja, sura nyingi

Toleo la 2009 la mchezo wa kompyuta wa maharamia The Secret of Monkey Island lina kitufe cha ajabu: F10. Kibonyeze, nawe umerudi 1990 papo hapo, bila kuanza upya. Picha laini zinatoweka, vitone vinene vinatokea. Hata sauti za waigizaji zinakatika. Unabaki kusoma.

Mchezo huo ulipotoka mara ya kwanza ulikuwa na rangi 16 tu! Sehemu ya pili, 1991, mandhari yake yalichorwa kwa mkono kwenye karatasi, kisha yakaskaniwa.

Zamani ulichagua vitenzi chini ya skrini: fungua, sukuma, vuta. Sehemu ya tatu, 1997, ikavifuta. Ikaja sarafu ya dhahabu: mkono wa kushika, fuvu la kutazama, kasuku wa kuongea. Shujaa Guybrush naye akawa katuni, mrefu kama mlingoti.

Mwaka 2000 ikaja 3D, na kipanya kikastaafishwa. Mchezo wa kubofya usiobofyeka! Mwaka 2022 mwasisi wa mfululizo huu, Ron Gilbert, alirudi na mchezo wenye michoro mipya kabisa. Baadhi ya mashabiki waliilalamikia kabla hata ya kuucheza.