Je, Wajua? Kitanda cha buku ni chungu

Buku, yule panya mkubwa wa mashamba ya Unguja anayebeba chakula mashavuni, akifugwa hupewa chungu cha udongo alale ndani yake. Ndivyo wafanyavyo APOPO, shirika linalowafunza buku kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Magawa, buku aliyetunukiwa nishani ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza mwaka 2020 kwa kazi yake Kambodia, alitokea huko.

Chungu kina giza na ubaridi wa shimo, wala hakitafuniki kirahisi. Meno ya mbele ya panya hayaachi kukua. Nyumba ya plastiki huimaliza, na vipande akivimeza vitamdhuru. Mpe gogo dogo agugune.

Kwa jebili, panya mdogo wa nyika kavu za Mongolia, kifuu cha nazi kilichotobolewa mlango kinatosha kabisa. Tandika maranda ya mbao isiyopakwa dawa. Unyevu ndio adui yake mkubwa: Mji Mkongwe wakati wa masika, maranda yabadilishwe mara tu yakianza kulowa.