Magonjwa Mawili, Sindano Moja

Kumchanja mtoto wa nguruwe ni kazi ya watu wawili. Mmoja anamkamata na kumbana, mwenzake anachoma shingoni, nyuma ya sikio, na makelele yake yanasikika hadi barabarani. Kwenye mashamba yenye maelfu ya nguruwe, kila chanjo ya ziada ina maana ya kurudia purukushani hiyo upya. Sindano isiyobadilishwa hubeba damu ya mgonjwa hadi kwa mzima, na wakati mwingine hukatika ikabaki nyamani. Ndiyo maana watafiti wamehangaika kuweka kinga ya magonjwa kadhaa katika dozi moja.

Kwa nini wasimimine chupa mbili pamoja? Kwa sababu chanjo hugombana. Baadhi zimetengenezwa kwa virusi hai vilivyodhoofishwa, nyingine kwa virusi vilivyouawa na kuchanganywa na dawa ya kuamsha kinga. Dawa hiyo ikikutana na kirusi hai inaweza kukiua kabla hakijafanya kazi. Ugomvi mwingine huanzia mwilini mwenyewe. Kirusi cha PRRS, kinachosababisha mimba kutoka na kuwabana pumzi watoto, hujificha ndani ya seli zilezile zinazopaswa kula wavamizi. Nguruwe mwenye PRRS akipewa chanjo ya homa ya nguruwe ya kawaida (ambayo si ndugu wa ile ya Afrika, majina tu yamefanana), kinga anayoipata huwa hafifu.

Upenyo mmoja ulitoka kwa kirusi kidogo kupita kiasi, sirkovirusi. Mwaka 1974 watafiti wa Ujerumani walikikuta kikiishi kimyakimya katika seli za figo ya nguruwe zilizokuzwa maabara. Hakikuwa na madhara. Katika miaka ya 1990, ndugu yake, sirkovirusi aina ya 2, alitambuliwa katika nguruwe wa Kanada waliokuwa wakikonda na kufa baada ya kuachishwa kunyonya. Vinasaba vyake vyote havifikii herufi 1,800, na ganda lake limejengwa kwa protini ya aina moja tu. Watafiti walichukua jeni la ganda hilo, wakazifanya seli za wadudu zitengeneze protini yake, na protini zikajipanga zenyewe kuwa maganda matupu. Mwili wa nguruwe huona ganda na kujiandaa kwa vita, ingawa ndani hamna kitu. Chanjo za namna hiyo zilifika sokoni kuanzia mwaka 2006, na kwa kuwa hazina kitu hai cha kulindwa, zinakaa vizuri na chanjo nyingine. Kuna chanjo hai ya PRRS inayouzwa ikiwa unga mkavu: unayeyushwa ndani ya chanjo ya maganda na kutumika papo hapo.

Njia ya pili ninaiona ya kijanja zaidi. Kirusi cha Aujeszky, ugonjwa mwingine wa nguruwe, kina herufi zaidi ya 140,000, na baadhi ya jeni zake zinaweza kutolewa bila kukiua. Ni Fuso lenye nafasi ya mzigo. Aina iliyodhoofishwa na mtafiti Bartha huko Hungary mwaka 1961 ilikuwa imepoteza jeni kadhaa, likiwemo la protini ya ganda la nje, hivyo kipimo cha damu kinatofautisha nguruwe aliyechanjwa na aliyeambukizwa. China walikwenda mbele: walipakia katika kirusi cha Aujeszky kilichodhoofishwa protini ya homa ya nguruwe ya kawaida, kirusi kimoja kikafundisha kinga mbili.

Sasa mfugaji wa Mbeya au Kampala atauliza: na ile inayofagia banda langu? Homa ya nguruwe ya Afrika ilielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza na mtafiti Montgomery nchini Kenya, mwaka 1921. Kirusi chake hutengeneza protini zaidi ya 150, na haijapatikana hata moja ambayo peke yake inaleta kinga ya uhakika. Kwa hiyo hakuna cha kupakia kwenye Fuso. Vietnam iliidhinisha chanjo ya kirusi hai kilichodhoofishwa mwaka 2022, ikasimamisha matumizi baada ya nguruwe kufa, kisha mwaka 2023 ikairuhusu tena. Kwetu, anayeuza kitimoto bado anategemea uzio wa kumzuia ngiri, buti zinazooshwa mlangoni, na mabaki ya chakula yaliyochemshwa sawasawa.