Mafunjo si nyasi tu

Wiki hii nataka tuzungumze juu ya jina. Si jina la mtu, bali la mmea ambao kila mkazi wa Mwanza ameuona: mafunjo.

Huku kwetu Mkolani, na kote kandokando ya Ziwa Viktoria, utasikia watu wakisema, "Fyeka majani hayo, yanafuga mbu." Wengine huyachanganya na magugumaji. Hapo ndipo jina linapokuwa na kazi. Magugumaji ni mgeni kutoka Amerika ya Kusini, aliyeonekana ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980. Mafunjo ni mwenyeji.

Wataalamu wa mimea huyaita Cyperus papyrus. Jina hilo lilichapishwa na Carl Linnaeus wa Sweden katika kitabu chake cha mwaka 1753. Bwana huyo hakufika Afrika, lakini mmea ulikuwa na sifa tangu Misri ya kale, ambako watu walipasua shina lake, wakapanga vipande na kuvigandamiza wapate kuandikia. Hata neno letu "karatasi" tumelipata kwa Waarabu, nalo asili yake ni neno la Kigiriki lililotaja karatasi hiyo ya mafunjo.

Katika jina la kitaalamu, neno la kwanza ni kama jina la ukoo na la pili ni lake mwenyewe. Ndago inayotutesa bustanini ni Cyperus pia. Kumbe ni ndugu!

Undugu huo hujulikanaje? Shika shina la mafunjo sehemu ya juu, ulizungushe kati ya vidole. Halitaviringika vizuri, kwa maana lina pembe tatu. Likate: ndani limejaa nyama nyeupe kama sponji, wala halina vifundo. Nyasi nyingi zina shina la mviringo lenye vifundo. Majani ya mafunjo yamebaki magamba tu chini ya shina, na juu, pengine mita 4 kutoka majini, kuna kichwa cha nyuzi za kijani zenye vijiua visivyo na petali.

Anayeutangaza mmea mpya hana budi kuchapisha sifa kama hizo na kutaja sampuli kavu iliyohifadhiwa, ili mwingine aweze kuhakiki. Kazi ya kuorodhesha mimea ya Tanzania, Kenya na Uganda kwa utaratibu huo ilianza kuchapishwa mwaka 1952 ikakamilika mwaka 2012. Kitabu cha jamii ya mafunjo na ndago kilitoka mwaka 2010.

Sasa, kwa nini mimi na wewe tujali? Kwa sababu mafunjo hukamata udongo na uchafu unaoteremka na mvua kutoka milimani kwetu kabla haujafika ziwani, na samaki wadogo hujificha humo. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Lakini sheria haiwezi kumlinda asiyejulikana. Anayeyaita "majani tu" atayafyeka bila kusita, kisha atalalamika kwamba maji yamechafuka na samaki wameadimika.

Mgeni tumng'oe. Mwenyeji tumwache akae kwake.