Sauti ya abiria ni kinga iliyopimwa

Ikiwa umewahi kusafiri kutoka Nakuru kwenda Kericho, unaijua barabara ninayoizungumzia. Ukishapita Mau Summit, nchi huanza kuteremka, mvua ya alasiri hukupokea, na muda si muda mashamba ya majanichai yametanda pande zote mbili. Wageni husimama hapo kupiga picha. Sisi tunaotibu watu katika eneo hili tunaiona barabara hiyo kwa jicho jingine.

Jioni ya Ijumaa, Juni 30, 2023, trela lililobeba kontena lilipoteza mwelekeo katika makutano ya Londiani, likaparamia magari, wachuuzi na wapita njia. Watu 52 walifariki. Miaka mitano kabla ya hapo, alfajiri ya Oktoba 10, 2018, basi lililokuwa likitoka Nairobi kuelekea magharibi ya nchi lilianguka Fort Ternan, pia katika Kaunti ya Kericho, na watu zaidi ya 50 wakafa. Hizo ni ajali zilizotangazwa redioni. Mchumaji majanichai aliyegongwa usiku akirudi nyumbani hatangazwi popote, lakini ukijumlisha walio kama yeye kote nchini ndipo unapofikia hesabu ya Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama, NTSA: zaidi ya watu 4,700 waliofariki barabarani mwaka wa 2024 pekee. Shirika la Afya Duniani nalo hukadiria vifo milioni 1.19 ulimwenguni kila mwaka, na zaidi ya tisa katika kila kumi hutokea katika nchi zenye mapato ya chini na ya wastani, yaani nchi kama yetu.

Wengi wetu huita jambo hili bahati mbaya. Mimi huliita ugonjwa, kwa sababu lina chanzo kinachojulikana, na chanzo kikuu ni mwendo.

Gari linaposimama ghafla, mwili wako hausimami. Huendelea mbele kwa kasi ileile hadi uzuiwe na kiti, kioo au mkanda. Mwili nao ukishasimama, viungo vya ndani huendelea: ini na wengu hupasuka, ubongo hugonga fuvu, na mshipa mkuu wa damu unaweza kuchanika. Kasi ikiongezeka maradufu, nguvu ya pigo huongezeka mara nne, si mara mbili. Ndiyo maana ongezeko la asilimia moja tu katika wastani wa mwendo huleta ongezeko la takriban asilimia nne katika hatari ya ajali ya kuua.

Isitoshe, damu hupotea mahali usipoiona. Mtu mzima ana takriban lita tano za damu. Mfupa wa paja ukivunjika, lita moja au hata moja na nusu inaweza kumwagikia ndani ya paja bila tone kuonekana chini. Majeruhi anazungumza, anaomba simu yake, anauliza kuhusu mizigo, na baada ya saa moja amezirai. Tunao madaktari hodari wa upasuaji, na hospitali za Tenwek, Longisa, Kapkatet na Kericho zimeokoa maisha mengi. Hata hivyo, daktari hufika mwishoni mwa hadithi. Sifa kubwa zaidi nawapa wale wanaozuia hadithi isianze.

Wa kwanza kutajwa aghalabu ni marehemu John Michuki. Akiwa waziri wa uchukuzi, alitoa kanuni zilizoanza kutekelezwa Februari 2004: vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, mkanda wa usalama katika kila kiti, abiria 14 na si zaidi. Walio na umri wangu wanakumbuka jinsi tulivyotembea kwa miguu siku zile matatu zilipogoma, na jinsi tulivyokaa kwa raha ziliporudi. Ajali zilipungua. Kisha usimamizi ukalegea, vidhibiti vikachezewa, na viti vya mbao vikarudi kuwekwa katikati ya viti halali. Kanuni nzuri isiyosimamiwa ni kama dozi ya viuavijasumu iliyoachwa nusu.

Jitihada ya pili haijulikani sana, na ndiyo hasa iliyonifanya niandike leo.

Watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Georgetown, Marekani, James Habyarimana na William Jack, walichukua matatu zaidi ya 1,000 za masafa marefu humu nchini na kuzigawa mafungu mawili kwa kura, vile vile tunavyofanya tunapojaribu dawa mpya. Fungu la kwanza lilibandikwa vibandiko ndani, mbele ya macho ya abiria, vikiwahimiza waseme dereva anapoendesha ovyo. Fungu la pili liliachwa lilivyokuwa. Ili vibandiko visibanduliwe, madereva waliovihifadhi waliingizwa katika bahati nasibu ya kila wiki yenye zawadi za pesa. Hakukuwa na polisi wa ziada, wala mitambo, wala faini.

Baadaye watafiti waliangalia vitabu vya bima. Matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2011 yalionyesha kwamba madai ya fidia katika matatu zenye vibandiko yalipungua kwa kati ya nusu na thuluthi mbili. Walirudia jaribio hilo kwa matatu nyingi zaidi, na mnamo 2015 wakaripoti upungufu wa kati ya robo na thuluthi moja. Ni mdogo kuliko ule wa kwanza, jambo la kawaida kitu kidogo kinapopanuliwa, lakini ningefurahi sana kuwa na kidonge cha nguvu hiyo katika zahanati yangu. Ndipo kampeni ya Zusha! ilipozaliwa na vibandiko vyake kusambazwa nchini.

Dawa hii ina kasoro moja tu: mgonjwa huona haya kuimeza. Najua, kwa kuwa imenipata mimi mwenyewe. Jioni moja nilipanda matatu Kaplong kwenda Kericho. Tulipopita Kapkatet ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye lami, na dereva alikuwa akiyapita malori ya majanichai kwenye kona, mkono mmoja ukishika simu. Nilikuwa nimeketi nyuma yake. Mimi, niliyewahi kushona watu wa ajali usiku kucha, nikajifanya nasoma gazeti. Nilijiambia kwamba abiria wengine hawajasema kitu, kwa hiyo pengine naogopa bure. Nina hakika kila mmoja wao alikuwa akijiambia vivyo hivyo.

Aliyesema ni kogo mmoja aliyekuwa amepakata kikapu. Alimwambia dereva kwa upole, "Kijana wangu, nishushe hapa kama una haraka, maana mimi sina." Kicheko kikatoka, kisha mwanamume wa nyuma akaunga mkono, kisha wote tukapata ndimi, hata mimi. Simu iliwekwa chini. Tulifika Kericho tukiwa tumechelewa kwa dakika chache.

Katika maneno ya yule mama kuna mafunzo ambayo nimeyatumia tangu siku hiyo. Hakutukana; dereva aliyetukanwa huongeza moto. Alisema mapema, kabla kona mbaya hazijafika. Kadhalika, alisema kwa sauti ya kusikika na kila mtu, si kwa kumnong'oneza utingo. Ukiona vigumu kuanza, mgeukie jirani yako umuulize, "Huoni mwendo umezidi?" Mkiwa wawili, wa tatu hachelewi. Dereva akikaidi, shukeni penye taa na watu, na kabla ya gari kuondoka nakilini nambari ya usajili na jina la chama cha matatu lililoandikwa ubavuni, mpige ripoti kwa polisi au kwa wasimamizi wa chama hicho. Nauli utakayolipa mara ya pili ni ndogo kuliko kiingilio cha wodi.

Sitaki kukudanganya kwamba sauti hutibu kila kitu. Kule Londiani hapakuwa na abiria wa kumkanya dereva wa trela, na mama aliyekuwa akiuza mboga hakuwa na mkanda wa kufunga. Pale kinga ni soko kuwa mbali na lami na malori kukaguliwa kabla ya mteremko. Baada ya ajali hiyo, Kipchumba Murkomen, aliyekuwa waziri wa uchukuzi wakati huo, aliagiza wachuuzi waondolewe kando ya barabara kuu. Agizo lilikuwa la haki, lakini mchuuzi hufuata mteja. Anayetaka soko lihame na ahamishe kituo cha matatu pamoja nalo, aweke maji, choo na taa. La sivyo nyanya zitarudi ukingoni.

Bodaboda nayo ina masharti yake. Sheria inaruhusu abiria mmoja tu, naye ana haki ya kupewa helmeti na koti linaloakisi mwanga. Helmeti hupunguza hatari ya kufa kwa takriban asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Akina mama huniambia wanaogopa chawa na jasho la watu wengine. Hofu hiyo naielewa: funga leso safi kichwani kwanza, kisha vaa helmeti juu yake na ukaze ukanda chini ya kidevu hadi upitishe kidole kimoja tu, kwa kuwa helmeti isiyofungwa hung'oka kabla kichwa hakijagusa lami. Na kama helmeti imeshaanguka kwa kishindo au ina ufa, mwambie mwendeshaji akupe nyingine au umwite wa pili.