Uchovu wa mjamzito na tezi ya shingoni

Ukishuka Mlima Kitonga ukitokea Iringa, baridi unaiacha juu. Bondeni joto linakupokea pamoja na mibuyu. Basi likisimama Ruaha Mbuyuni, wachuuzi wa vitunguu wamekwishafika dirishani. Wengi ni kina mama, na wajawazito hawakosekani. Mmoja akikaa kivulini, hakosi wa kumwambia kwamba mimba imemfanya mvivu.

Naomba tusiharakishe kuuita uvivu. Mbele ya shingo kuna tezi yenye umbo la kipepeo, na homoni zake ndizo zinazoamua mwili utumie nguvu kwa kasi gani. Zikipungua, mtu huchoka bila kazi, huhisi baridi wenzake wakitoka jasho, hufunga choo, hedhi huvurugika. Mimba hukawia kushika, au hushika ikatoka. Kibaya ni kwamba uchovu, choo kigumu na uzito kuongezeka ni mambo ya ujauzito pia, kwa hiyo ugonjwa hupata pa kujificha.

Tezi yenyewe nayo hubebeshwa mzigo. Homoni ileile inayosomwa na kipimo cha mimba cha mkojo huisukuma ifanye kazi zaidi wiki za mwanzo, na mahitaji ya mama ya homoni za tezi hupanda kwa karibu nusu. Mtoto hawezi kujitosheleza kwa homoni hizo mpaka ujauzito ukaribie katikati. Hadi hapo ubongo wake unajengwa kwa zile za mama. Malighafi ya homoni hizo ni madini joto: mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 kwa siku, mjamzito 250.

Nyanda za Juu Kusini zimeonja uchungu wa kuyakosa. Mvua za karne nyingi zimeyaosha kutoka udongo wa milima, na bahari iko mbali. Wazee wa Iringa na Mbeya wanakumbuka rovu, yaani uvimbe wa tezi hiyo, zilivyokuwa zikining'inia shingoni mwa watu. Miaka ya 1980 serikali iligawa vidonge vya mafuta yenye madini joto. Miaka ya 1990 ikaagiza chumvi iwekewe madini hayo. Watoto wa shule wenye rovu nchini, waliokuwa kama asilimia 25 miaka ya 1980, walishuka hadi asilimia 7 mwaka 2004.

Ndiyo maana naumia nikiona chumvi ya mawe isiyo na lebo ikipimwa kwa kopo gulioni, gunia likiwa wazi juani. Hata iliyowekewa madini joto huyapoteza kwa jua na unyevu. Inunuliwe ile ya pakiti, ihifadhiwe kwenye chombo chenye mfuniko, itiwe chakula kikikaribia kuiva. Wala isizidishwe, kwa sababu ya presha.

Mama mwenye uvimbe shingoni, au aliyewahi kupoteza mimba, amwambie muuguzi siku ya kwanza ya kliniki. Kipimo cha damu huonyesha hali ya tezi. Na aliyekuwa akimeza vidonge vya homoni ya tezi kabla ya kushika mimba asiviache kwa kumhofia mtoto. Amwone daktari mapema, kwani mara nyingi dozi huhitaji kuongezwa.