Pawa Saplai ya Kompyuta Kuukuu kwa Fundi Chipukizi

Wengi wenu mnaopenda kufungua redio hufanya majaribio kwa betri za tochi. Betri ni salama, lakini huisha upesi, na fedha ya kununua nyingine hutoka mfukoni mwa mzazi. Huku nyuma, kompyuta mbovu iliyotupwa stoo ina kasha la bati lenye feni ambalo, likiwa zima, laweza kuwapa umeme miaka mingi. Mafundi huliita pawa saplai.

Kazi yake ni kupokea umeme wa ukutani, volti 230 au 240, na kuugeuza uwe umeme mdogo kama wa betri. Aina inayopatikana zaidi hufuata mpango wa ATX uliotolewa na Intel mwaka 1995, nao umeziwekea nyaya rangi maalumu. Mweusi ni hasi. Mwekundu hutoa volti 5, wa manjano volti 12, wa rangi ya chungwa volti 3.3. Wa zambarau una volti 5 wakati wote plagi ikiwa ukutani, hata feni ikiwa imesimama. Hata hivyo, baadhi ya kompyuta za Dell za mwishoni mwa miaka ya 1990 zilitumia soketi ileile kwa mpango mwingine wa nyaya. Basi pimeni kwa mita, msiamini rangi peke yake.

Watu wengi huchomeka plagi, wakaona feni haizunguki, wakalitupa kasha wakidhani limekufa. Halijafa, linangoja amri. Amri hiyo hupitia waya wa kijani: ukiunganishwa na mweusi, kasha huwaka. Wekeni swichi ndogo kati ya nyaya hizo mbili. Mkiikata soketi kubwa na kukuta waya mwembamba wa kahawia, urudishwe kwa ule wa chungwa, la sivyo kasha laweza kukataa kuwaka. Makasha mengine ya zamani hayatulii mpaka yapewe mzigo. Hapo rezista ya omu 10, yenye uwezo wa wati 10, hufungwa kati ya mwekundu na mweusi. Itavuta nusu ampea na kutoa joto la wati 2.5, kwa hiyo ikae penye hewa, mbali na plastiki.

Wazazi nao wasome hapa. Ndani ya kasha mna kapasita zinazohifadhi zaidi ya volti 300, na umeme huo waweza kubaki humo hata baada ya plagi kuchomolewa. Unaua. Maelekezo mengi humtaka mtu afungue kasha na kutoboa matundu ya kufungia nyaya. Kwa mwanafunzi mimi sikubaliani nayo hata kidogo. Kasha libaki limefungwa, nyaya zitolewe nje hadi kwenye kipande cha ubao chenye viunganishi. Kitakachopungua ni urembo tu. Tena makasha mengi ya zamani yana swichi ndogo nyuma, yenye maandishi 115 na 230. Kwetu lazima isome 230. Ikiachwa kwenye 115, kasha litalipuka mara tu likichomekwa. Na plagi iwe ya pini tatu, maana kasha ni la bati na linahitaji waya wa ethi.

Hatari ya pili imejificha zaidi. Volti 12 hazimrushi mtu, kwa hivyo kijana huzizoea haraka. Lakini betri ya tochi ikigusishwa ncha kwa ncha huchoka, ilhali waya wa manjano waweza kutoa zaidi ya ampea 10, na waya mwembamba utakuwa mwekundu kama kaa kabla kasha halijajizima. Kila njia ya kutolea umeme ipitie fyuzi ya ampea 2. Pete, bangili na saa za chuma zivuliwe kabla ya kukaa mezani. Wala msijaribu kuchaji betri ya gari, kwani hiyo huhitaji karibu volti 14.

Jaribio la kwanza, mtu mzima akiwapo, liwe la balbu ndogo ya gari, ya volti 12 na wati 5, kati ya manjano na mweusi. Ikiwa inawaka, pimeni: kati ya volti 11.4 na 12.6 ni sawa. Kwa mwekundu, kati ya 4.75 na 5.25. Kikizidi au kupungua hapo, kasha hilo lirudi stoo na mtafute jingine.